Kiukraine cha Mtaa wa Likoma

Wifi yangu Asha alinipigia simu Jumanne nikiwa zamu, glavu mkononi, kuniambia kwamba nyumba ya Mtaa wa Likoma imepata mnunuzi, inabomolewa lipande ghorofa, na Jumamosi saa nne twende tukagawane vyombo vya Mama. "Na usichelewe, Rukia," akasema, "mimi mchana nina safari ya Dodoma." Nikamwambia haya. Nilipokata simu sikuikumbuka ile nyumba wala vyombo vyake. Nilikumbuka neno moja la Kiukraine ambalo kwa miezi kadhaa lilinitoa machozi ya hasira, nikalitamka pale pale wodini, na mgonjwa wa kitanda cha tatu akaniuliza kama nimemsemesha yeye.

Watu wakisikia niliwahi kujifunza Kiukraine hudhani nilipata nafasi ya kusoma Ulaya. Ulaya siijui. Nilijifunzia Kariakoo, kati ya duka la pampu za maji pale mtaa wa Gerezani na chumba cha nyuma cha nyumba ya Likoma, nikiwa na miaka ishirini na minne, nimeolewa miezi minne tu, na barua ya kukubaliwa chuo cha uuguzi iko ndani ya begi chini ya kitanda. Mama mkwe wangu alikuwa ameishi mtaa ule zaidi ya miaka thelathini. Alikuja na mumewe aliyekwenda kusoma huko kwao, akasilimu, akaitwa Halima, akazaa, akafiwa na mume, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni kabisa. Wauza nyanya walimkimbia kwa jinsi alivyojua kupunguza bei. Mtaa mzima ulimwita Mama Mrusi. Asubuhi moja alianguka uani akichagua mchele. Hospitali walimrudisha baada ya wiki tatu, mguu wa kulia unaburutika, na Kiswahili hakuna. Hakuna kabisa. Daktari alisema hutokea, kwamba lugha aliyojifunza ukubwani imepotea na ile ya utotoni imebaki, akatushauri tuzungumze naye kwa lugha yake. Tukasimama kwenye korido tukitazamana, watoto wake wawili wa kuwazaa na mimi, na hakuna hata mmoja aliyejua kusema maji.

Sebule ya Likoma ilikuwa na makochi makubwa kupita chumba chenyewe, na ndiko walikogombania. Asha alitaka kumchukua Mama akakae naye Dodoma, ana nyumba kubwa na uwezo wa kumlipa muuguzi. Mume wangu Idrisa, ambaye alikuwa akipeleka mizigo Tunduma karibu kila wiki, alisema Mama akitolewa Likoma hamalizi mwezi. "Sasa nani atakaa naye, wewe?" akauliza Asha. "Wewe unayeshinda barabarani?" Mimi nilikuwa nimeshika sinia la chai. Wakageuka wote wawili wakanitazama, na kabla sijaweka sinia chini mambo yakawa yamekwisha. Rukia atakaa naye. Mwaka mmoja, mpaka Idi ijayo. Mama akiwa anakula vizuri na yupo mtu anayeelewana naye, atabaki nyumbani kwake. La sivyo, Dodoma. Chuo kilikubali kuniahirishia mwaka, na hakuna aliyeniuliza kama mimi nimekubali. Niliishika ile kazi kwa moyo wa bibi harusi anayeogopa kusemwa, na chini chini nilikuwa nimenuna tangu siku ya kwanza.

Idrisa ndiye aliyenitafutia mwalimu. Mzee Haule, mtu wa Songea, alisomea uhandisi huko huko ujanani, na sasa alikuwa akiuza pampu Gerezani, katika duka lililonuka grisi na mihogo ya kukaanga. Idrisa alimwambia, "Mke wangu anataka Kirusi," mzee akafurahi kama aliyeletewa mteja wa pampu kumi. Nilikwenda kila siku saa tatu, nikiwa nimemwacha Mama na fundi cherehani, mpangaji wetu wa chumba cha mbele. "Shikamoo mwalimu." "Marahaba, mwanangu. Simama, lugha haisomwi umekaa." Nilisimama kati ya mabomba nikirudia maneno huku wateja wakinipita ubavuni kuuliza bei ya inchi moja na nusu. Mzee alinisahihisha mdomo umejaa muhogo. Nilijifunza salamu, nikajifunza kuhesabu, nikajifunza kuuliza treni inaondoka saa ngapi, ingawa mimi na Mama hatukuwa na treni ya kupanda. Nilipolalamika akaniambia kitabu chake kimepangwa hivyo, na kwamba treni iko somo la nne, kwa hiyo tutaanza na treni.

Nyumbani nilipiga magoti mbele ya kitanda cha Mama, nikasema yale niliyofunzwa. Alinitazama namna mtu anavyomtazama karani wa dirishani, kisha akageukia ukutani. Kesho yake hivyo hivyo. Alinijibu mara chache, kwa maneno ambayo hayakuwa somo la kwanza wala la nne, nami nikadhani ugonjwa umemharibia matamshi. Uji alionja vijiko viwili akafunga mdomo. Chapati hakugusa. Nje, duka la viatu lilikuwa na spika lililorudia sauti ile ile kuanzia asubuhi mpaka jioni, "buku tano, buku tano, chukua kiatu, buku tano," na mpaka leo nikikumbuka Kirusi changu chote kinakuja pamoja na bei ya viatu. Idrisa aliniwekea programu kwenye simu ikanifundisha kwamba mvulana ana tufaha. Nilikuwa na mgonjwa anayekonda mbele ya macho yangu, na simu inanipongeza kwa tufaha. Uani, niliposuuza masufuria, niliwasikia wapangaji wakinong'ona kwamba mke wa Idrisa anamnyima mzee chakula, na sikuwa na nguvu ya kutoka kuwajibu.

Mwezi wa tatu nilimwambia Mzee Haule aje mwenyewe, maana ama mimi ni mjinga ama mwalimu wangu ni mwongo. Alikuja amevaa koti. Akaketi kando ya kitanda, akamsalimu Mama kwa Kirusi chake kizuri cha chuoni. Mama akamjibu maneno mengi, kwa haraka. Mzee akavua miwani. Akanigeukia akasema, "Mwanangu, huyu siyo Mrusi. Huyu ni Muukraine. Anasema Kiukraine." Nikamuuliza si yeye alisoma huko huko, alikuwa wapi siku zote hizi? Akajitetea kwamba mji aliosoma ulikuwa Ukraine kweli, lakini siku zile darasani ni Kirusi, na yeye aliambiwa Mrusi, akafundisha Kirusi. Kiukraine alikisikia kwa mama mmoja tu, mpishi wa bweni. Kisha, polepole, kama anayetafuta kitu mfukoni, akamwambia Mama maneno mawili matatu ya yule mpishi. Mama alimshika mkono wa koti, na hakuuachia mpaka mzee alipomaliza chai.

Nilimngoja Idrisa na hasira ya miezi mitatu. Hiyo ilikuwa kabla Ukraine haijawa habari ya kila asubuhi redioni, najua, lakini ni mama yake mzazi. Nikamwambia, "Miaka yote hii hamkuwahi kumuuliza?" Akakuna kichwa. "Sasa si yote Urusi tu, mke wangu? Hata yeye mtaa ukimwita Mrusi alikuwa anaitika." Nikamuuliza, "Wewe wakikuita Mmalawi miaka thelathini utaitika?" Akafikiri kweli, Idrisa ni mtu wa kufikiri akishaulizwa, akasema, "Nikishachoka, nitaitika." Nikaenda kumpakulia wali.

Basi nikaanza upya. Kwa bahati Kiukraine chote cha Mzee Haule kilikuwa cha jikoni: kula, kunywa, moto, usimwage, umeshiba, mbona umekonda, inauma wapi. Hakikuwa na treni. Alinifundisha kwa sauti ya yule mama mpishi, ameshika kiuno, na wateja wa pampu walisimama kucheka. Ahsante haikuwa tena lile neno nililosugua miezi mitatu, ilikuwa diakuyu. Alinielekeza pia mchuzi wa kwao, wa bitiruti na kabichi, juu yake mtindi. Sokoni bitiruti tulinunua za kuongeza damu, sikujua watu wanazipika mchuzi, na niseme kweli, mpaka leo siwezi kuutazama bila kukunja uso. Siku nilipouliza kwa mara ya kwanza, "De bolyt?", inauma wapi, Mama alinitazama muda mrefu. Kisha akafungua mdomo, akaweka kidole kwenye gego la nyuma kabisa. "Tut," akasema. Hapa. Jino lilikuwa limeoza hadi kwenye mzizi. Miezi yote ile ya uji na manung'uniko ya uani, lilikuwa jino. Tulimpeleka likang'olewa, na wiki hiyo hiyo akamaliza bakuli mbili za ule mchuzi wake mwekundu, mimi nimekaa pembeni sijui nicheke au nimpige mtu.

Nilidhani tumevuka. Kumbe ndipo lilipokuja lile neno. Mtu yeyote akishika begi, kapu, hata mfuko wa plastiki kuelekea mlangoni, Mama aliita kutoka chumbani, "Sidai!" Maana yake nilikuwa naijua vizuri: kaa. Nikakaa. Nikamuuliza, Mama, unataka nini, maji, choo, de bolyt? Akapandisha kidole, uso umekunjamana, akapiga sakafu kwa fimbo. Nikainuka, "Sidai!" Nikakaa tena, nikaanza kumwelezea kwamba naenda sokoni, nyanya zimekwisha, narudi sasa hivi, na kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyozidi kukasirika. Siku Idrisa anakwenda Tunduma ilikuwa vurugu. Idrisa alikaa kitandani, simu sikioni, anamwambia dereva nakuja, anamwambia Mama nitarudi Alhamisi usiwe na wasiwasi, na Mama anapiga fimbo. Akishaondoka, Mama hali siku nzima. Mwishowe sote tukawa tunatorokea mlango wa uani, viatu mkononi, watu wazima na akili zetu. Fundi cherehani alisema uani, akijua nasikia, "Mrusi kawafunga watoto wake kamba." Asha nilipomsimulia kwa simu alishusha pumzi. "Rukia, akili ya Mama imekwenda. Umejitahidi. Baada ya Idi nakuja kumchukua." Na mimi nilihisi nafuu. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyohisi.

Nilimlalamikia Mzee Haule wiki ya mwisho ya Ramadhani. Nilidhani atanionea huruma. Akaniuliza, "Ukishakaa, unanyamaza?" Nikamwambia ninyamaze kwa nini, mtu akikuambia kaa si ana la kusema? Kwetu Kariakoo mtu akikupa kiti ukakaa kimya, atafikiri umemletea habari ya msiba. Mzee alicheka mpaka akashika pampu. Kisha akaniambia kwamba kwao mtu akitaka kutoka kwenda safari, anayeondoka na wanaobaki hukaa kwanza, kidogo tu, bila mtu kusema neno. Baadaye mkubwa wa nyumba huinuka wa kwanza, na msafiri anakwenda zake. Yule mama mpishi alimkalisha yeye hivyo siku anarudi Tanzania, juu ya sanduku lake. "Hamzuii mtu huyo," akasema. "Anawaaga, na nyinyi mnapiga kelele."

Nilirudi nyumbani nikachukua kapu makusudi. "Sidai!" Nikakaa. Nikafunga mdomo wangu, kazi ngumu kuliko Kirusi chote. Spika la viatu lilisema buku tano mara nne au tano. Mama alitazama mlango, mimi nikatazama vidole vyangu. Kisha akajikongoja na fimbo, akasimama, akaniwekea mkono kichwani kama nilivyowahi kumwona Asha akimfanyia mwanawe wa mwisho, akasema donyu, binti yangu. Ndiyo hiyo tu. Nilikwenda sokoni nikalia mbele ya mafungu ya bamia, kwa uchungu wa kuwaza siku zote ambazo yule mama alikuwa akitutakia heri tukamkimbia na viatu mkononi.

Asha alikuja siku ya tatu ya Idi na gari la kukodi. Nilishamweleza kwa simu yale ya kukaa kimya, akasema hayo ni maneno ya Mzee Haule na mihogo yake. Gari lilizuia mikokoteni, dereva anapiga honi, wabeba mizigo wanamtukana. Sasa nikiri. Chuo kilikuwa kinafungua baada ya wiki mbili. Mama akienda Dodoma, mimi nakwenda chuo. Nguo zake nilizikunja mimi, na nilizikunja vizuri, nikafunga sanduku, nikamvisha mtandio wake mweupe. Sikumwambia neno la anakokwenda, ingawa maneno nilikuwa nayo. Asha akanyanyua sanduku. Mama akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Sidai."

"Mama, tunachelewa," Asha akasema kwa Kiswahili, akishika kitasa.

Nami sijui nini kiliniingia. Nikasema, "Dada Asha, kaa. Usiseme chochote." Kwa sauti niliyoitumia, nadhani alikaa kwa mshangao. Alikaa juu ya sanduku. Idrisa akazima simu akakaa ukingoni mwa kitanda, mimi mkekani. Honi ikalia. Hakuna aliyeitikia. Nikaona uso wa Asha unabadilika. "Baba alipokuwa anasafiri," akaanza, "sote tulikuwa..." Mama akapandisha kidole, Asha akanyamaza, machozi yakamtoka akiwa amenyamaza hivyo hivyo. Alikuwa akilijua hili tangu utotoni, akalisahau. Kisha Mama akainuka. Akamfuata Asha pale kwenye sanduku, akamshika shavu kwa mkono wake mzima, akambusu paji la uso, akasema, "Z Bohom, donyu." Akageuka, akarudi polepole kitandani kwake, akakaa, akajifunika khanga miguuni, akamngoja Asha aondoke.

"Amesema nini?" Asha akaniuliza.

Nyumba nzima ni mimi peke yangu niliyejua. Ningeweza kusema amesema twendeni. Wangemnyanyua, na pengine asingegombana, na barua yangu ilikuwa chini ya kitanda kwenye chumba cha pili. Niliifikiria, kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukumbuka. Nikasema, "Amesema nenda na Mungu, mwanangu. Ni wewe anayekuaga, Dada. Yeye hasafiri."

Asha alifungua sanduku akaanza kuzirudisha nguo kabatini, moja moja, bila kunitazama. Mimi nilikwenda bafuni nikafungulia bomba nikalia, maana chuo kilikuwa kimenipita na nilikuwa nimekiachia mwenyewe, kwa mdomo wangu. Sikujiona mtu mwema hata kidogo. Nilijiona mjinga, na wiki nzima nilimjibu Idrisa kwa mkato. Lakini mwezi uliofuata Asha alirudi kutoka Dodoma na begi lake, akaniambia atakuwa akija kukaa na Mama, wiki mbili yeye, wiki mbili mimi, kwa hiyo nimfundishe. Nikamfundisha. Nilimsimamisha jikoni kama nilivyosimamishwa mimi kati ya mabomba, mtu aliyenizidi umri karibu miaka kumi, nikamfundisha lugha ya mama yake: kula, kunywa, moto, usimwage, inauma wapi. Alikuwa mwanafunzi mbishi. Mwaka mwingine chuo kilipofungua nilikuwepo darasani, na Mama alinikalisha kabla sijatoka. Alifia chumba kile kile miaka mitatu baadaye, mchana, mimi na Asha tupo.

Jumamosi sikuchelewa. Nilifika saa tatu na nusu. Makochi yalikuwa yameshauzwa, vyumba vimebaki na alama za kabati ukutani. Mimi nilichukua sufuria ya bitiruti, Asha fimbo, Idrisa redio ambayo haifanyi kazi. Tulipomaliza, pikapu ilikuwa imejaa, dereva anapiga honi, na spika la dukani, jipya sasa lakini maneno yale yale, linaita watu wanunue viatu. Bei tu ndiyo imepanda. Asha alikuwa ameshafika nusu ya korido, begi begani, anasema barabara ya Morogoro itakuwa imejaa, twende jamani, twende.

"Sidai," nikasema.

Alisimama. Hakukuwa na kiti hata kimoja, wala mkeka. Tukarudi chumba cha nyuma tukakaa chini, Asha akilalamikia magoti mpaka matako yalipogusa sakafu, ndipo akanyamaza. Idrisa alifungua mdomo, nikamtazama, akaufunga. Tukakaa. Ikapita zile pumzi chache zinazotosha, zikapita na nyingine, na hakuna aliyejitikisa, na nikaelewa kwamba wote watatu tunamngojea Mama ainuke. Kisha Asha, ambaye ndiye mkubwa sasa, akashika ukuta, akainuka wa kwanza.